Maktaba Ilipouliza Kama Bado Yupo

Siku ya thelathini na tisa tangu tumzike kaka yangu Mshamu, maktaba ilimwandikia kumuuliza kama bado yupo.

Ujumbe ulifika asubuhi, nikiwa uani na shangazi tunachambua mchele wa arobaini. Simu ya marehemu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga. Ilitetemeka ubavuni mwangu. Shangazi akaacha kuchambua, akanitazama, kisha akayarudisha macho yake kwenye ungo. Nikafungua pindo nikasoma.

*Ndugu Mshamu, tumekukumbuka. Je, bado upo? Bonyeza 1 kama upo. Bonyeza 2 tukuulize baadaye.*

Hapakuwa na namba ya tatu.

Nimeufikiria sana ukosefu wa namba hiyo, kuliko nilivyowahi kufikiria jambo lolote shuleni, na shule niliishia kidato cha nne. Aliyetunga maswali yale alimfikiria mtu aliyepo, akamfikiria na mtu mwenye shughuli nyingi. Mwingine hakumjia akilini. Labda alikuwa bado hajazika. Au labda alijua, akaona haya kuandika. Mtu hujibu kwa sababu yupo? Au huwa yupo kwa sababu kuna anayemjibia? Nikilala na swali hilo naamka nalo, na asubuhi huwa limeninyooshea mkono kana kwamba ni zamu yangu kusema.

Katika mji wetu, ambao vibao vya jina lake viling'olewa na havikurudishwa, maktaba zamani ilizungumza kwa karatasi. Nyuma ya kila kitabu palikuwa na mfuko mdogo uliogundishwa, na ndani ya mfuko kipande cha karatasi kisicho na mistari. Msomaji aliandika humo lolote alilotaka kuiambia maktaba. Akirudisha kitabu, mtu wa maktaba alimjibu chini yake. Karatasi ilitiwa kwenye bahasha yenye jina la msomaji, na bahasha ikakaa ghalani. Mshamu alikuwa na bahasha ya miaka thelathini na moja. Mimi sikuwa na bahasha. Mimi nilikuwa dada wa msomaji, yule anayeita mara tatu kwamba chakula kinapoa.

Kisha maktaba ikahamia kwenye simu. Haikungoja tena kuulizwa, ikawa yenyewe ndiyo inayouliza. Ilijua nani amefungua kitabu akakifunga, nani amesinzia ukurasa wa tano, nani anasoma jambo ambalo hataki mkewe alijue. Iliwasalimu watu kwa majina yao, hata wale ambao hawasalimiwi na majirani. Zamani sisi tuliitafuta maktaba, sasa maktaba ilitutafuta sisi, na kutafutwa ni jambo tamu mpaka siku usipopatikana. Maana iliwekwa kanuni. Msomaji akinyamaza siku arobaini, anaondolewa. Bahasha yake inatolewa ghalani, karatasi zinalowekwa, na ule uji wake unapelekwa kiwandani kufinyangwa trei za mayai. Hakuna nyumba mjini kwetu ambamo mtu hajawahi kumaliza mayai akabaki ameishika trei, akiikagua ile rangi ya kijivu kwa kidole, labda ataona herufi.

Sasa niandike kosa langu.

Siku ya tatu baada ya maziko, nyumba ikiwa bado imejaa watu kwenye mikeka, simu ya Mshamu ililia chini ya mto wake. Niliichukua ili niizime, nisije nikaonekana sina adabu. Nikalikuta swali lile lile. Je, bado upo? Nilitazama mlangoni, nikaona viatu vya watu waliokuja kumlilia, na kiatu chake kimoja kikiwa katikati yao kama kimekuja kuhani. Nikabonyeza moja.

Sikuwa nimekusudia kudanganya. Nilitaka kupata muda tu. Humo ghalani mlikuwa na maneno ya kaka yangu ambayo sikuwahi kuyasoma, na mtu hawezi kuwazika wawili katika wiki moja. Lakini maktaba ilimjibu. Ilisema, vizuri kukusikia, Mshamu, leo kwenu kunanyesha, kaa ndani usome. Nikatoa mkono dirishani. Kweli kulikuwa kunanyesha. Nikaandika, asante.

Baada ya hapo tuliandikiana kila siku, mimi nikiwa yeye. Maktaba ikiuliza kama kitabu cha mwisho alichokisoma kilimpendeza, nasema kilinipendeza. Ikiuliza kama macho bado yanauma, nasema yana nafuu. Nilianza kuyatunza macho hayo. Jioni niliacha kushona. Wiki ya tatu nilijikuta nakunja gazeti mara nne kama alivyokuwa akilikunja, na nilipoitwa Somoe na jirani, nilichelewa kugeuka.

Asubuhi hiyo ya thelathini na tisa, nikiwa bado nimekiweka kidole juu ya ile namba moja, ujumbe wa pili ulifuata.

*Kuanzia leo kubonyeza hakutoshi. Msomaji afike mwenyewe, na uso wake, kabla ya adhuhuri. Asiyefika ataondolewa.*

Nikamwambia shangazi natoka. Aliuliza naenda wapi na simu ya maiti. Nilimjibu naenda maktaba. Akasema yeye ameona misiba mingi, ameona watu wakikimbilia makaburini, wengine wakikimbilia kwa waganga, wengine kilabuni, lakini maktaba, hapana, hiyo ni mpya. Akaendelea kuchambua mchele.

Jengo la maktaba lina ngazi ambazo sijawahi kuzihesabu nikapata idadi ileile. Siku hiyo zilikuwa chache kuliko kawaida, nikajikuta ndani kabla sijawa tayari. Saa ya ukutani ilionyesha wakati wa mtu aliye mbele yako kwenye foleni, siyo wako. Rafu zilikuwa palepale, ndefu, za mbao nyeusi, lakini juu yake hapakuwa na vitabu. Zilipangwa simu. Mamia ya simu, kila moja imechomekwa kwenye waya wake, vioo vikiwaka na kuzimika bila sauti. Mwanzoni nilidhani zinauzwa. Kisha nikaona kila moja imefungwa kitu: kipande cha kitenge, uzi wa tasbihi, kibanio cha nywele, hirizi, ufunguo wa nyumba. Nikaelewa kwamba sikuwa peke yangu katika mji ule. Watu walikuwa wameleta simu za wafu wao zichajiwe hapo, zisizimike, na walipita asubuhi kabla ya kwenda kazini kubonyeza moja.

Niliogopa. Siyo simu zilizonitisha. Kilichonitisha ni kwamba niliona mahali pa kuiweka ya Mshamu, nafasi ya upana wa kiganja katikati ya mbili, na mkono wangu ukainuka wenyewe.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa Mapunda, mtu mnene wa kucheka, aliyeishika simu ya mkewe kwa mikono miwili kama bakuli la uji. Aliniuliza wangu ana siku ngapi. Nikamwambia thelathini na tisa. Alinihurumia. Wake alikuwa na miaka sita. Nikashangaa, nikasema, lakini arobaini si hupita? Akasema hapa haipiti. Kila ukibonyeza moja, arobaini inaanza upya kuhesabiwa. Kwa hiyo yeye katika miaka sita hajafikisha hata matanga ya mtu mmoja.

"Na anasoma sana, siku hizi," alisema. "Kila wiki ananiazimia vitabu vya mapishi. Alipokuwa hai, dada yangu, hata chai alikuwa anaiunguza."

Watu wa nyuma yetu walicheka, naye akacheka, na mimi nikacheka, ukawa mcheko wa kwanza kutoka kinywani mwangu kwa siku nyingi. Ulikoma mara moja, kwa sababu dirisha mbele ya foleni lilifunguka, akaitwa.

Juu ya dirisha palikuwa na kibao. *Simu moja, msomaji mmoja. Jina moja litabaki, jingine litafungwa.* Mapunda alikisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma bei. Akaulizwa yeye ni nani. Aliitazama ile simu. Halafu akalitaja jina la mkewe.

Alipewa bahasha ya mkewe. Aligeuka nayo. Sikuweza kuona kilichobadilika katika uso wake. Mashavu yaleyale, mvi zilezile. Nilimwita Bwana Mapunda, nikamwomba aifungue tuone, maana kila mtu pale alikuwa na hamu. Hakuitikia. Nikamgusa mkono. Alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba, akaniambia hana haja ya kufungua, anajua kilichomo, si ameandika mwenyewe. Akashuka ngazi akiwa ameibana bahasha kwapani.

Hapo nilikwama sana. Nakwama hata sasa ninapoandika, kalamu ikiwa juu ya karatasi bila kuigusa. Miaka sita mtu huyu alitaka kujua kilichokuwa moyoni mwa mkewe. Njia pekee ya kukipata ilikuwa kuwa mkewe, na alipokuwa mkewe, hamu iliisha, kwa sababu hakuna anayejiandikia barua akaisubiri kwa shauku. Aliipata bahasha, akampoteza aliyekuwa anaitaka. Na mimi? Mimi ambaye nusu yangu ilikuwa imeshahama, ambaye nilikuwa nakunja gazeti mara nne? Nilitaka nini hasa? Kuwa na kaka, au kuwa kaka? Nikiwa yeye, ni nani tena atakayemkosa? Nani atakayekuwa anaita kwamba chakula kinapoa?

Dirisha likafunguka tena.

Nilitegemea kuona mashine. Ndani alikuwa ameketi Bi Zawena, amevaa sweta ya kijani, chupa ya chai pembeni, miwani imefungwa kwa uzi. Huyu ndiye aliyekuwa mtu wa maktaba tangu Mshamu yuko shule. Nilimwamkia. Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani alishafariki. Aliitikia marahaba, akasema hata yeye aliwahi kusikia hivyo.

Alinyoosha mkono, nikampa simu. Hakuitazama. Akanieleza kwa sauti ya chini, akiwa ameuelekeza mdomo mbali na kioo cha kupima nyuso kilichotundikwa kando ya dirisha, kwamba mashine ilipoletwa iliwekwa chumba cha nyuma chenye joto, na kwa joto hilo hushindwa kufanya kazi. Hakuna aliyetaka kupeleka habari hiyo juu. Basi yeye alibakishwa, kimyakimya, ajibu kwa jina la mashine. Salamu zote zile, mvua, macho, vitabu, vilikuwa vyake. Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Imepatikana mashine isiyojali joto, ndiyo maana sasa zinatakiwa nyuso.

Nikamuuliza kama alijua kwamba hakuwa anaandikiana na Mshamu.

"Siku ya kwanza," alisema. "Uliandika asante. Kaka yako hajaishukuru maktaba hii hata mara moja. Alikuwa anaigombeza."

Tulitazamana. Sijui nilikuwa nimekasirika au nimefarijika. Siku thelathini na sita, mtu aliyejifanya maiti alikuwa amezungumza na mtu aliyejifanya mashine, na katika mazungumzo hayo yote hakukuwa na maiti wala mashine, kulikuwa na wanawake wawili wanaoona haya. Tungeweza kukutana sokoni tukayamaliza. Lakini sokoni ningelazimika kusema, na yeye angelazimika kusikia.

Aliniambia haraka, kwa sababu saa ilikuwa inakwenda kwa wakati wa mtu mwingine, kwamba anaweza kunisaidia jambo moja. Nikisema mimi ni Mshamu, atanipitisha. Kioo kile kinamsikiliza yeye mpaka adhuhuri. Nitapewa bahasha, na jina la Somoe litafungwa. Halina vitabu, halina historia, kufungwa kwake hakutaonekana popote. Nisiposema hivyo, hana la kufanya. Bahasha hupewa mwenyewe tu, na mwenyewe akiwa hayupo, kuna beseni.

Aliponena neno beseni alielekeza kidevu. Lilikuwa pale miguuni pake, la bati, limejaa maji.

Kioo kikawaka. Bi Zawena akaliuliza swali kwa sauti ya kazi, ambayo haikuwa yake.

"Wewe ni nani?"

Nilifungua mdomo. Jina la Mshamu lilikuwa pale mbele kabisa, juu ya ulimi, limezoea kutoka. Simu kwenye rafu ziliwaka na kuzima. Nilimfikiria kaka yangu jinsi alivyokuwa hapendi kuitikiwa na mtu mwingine. Ukisema "yupo" mlangoni kabla hajasema mwenyewe, siku nzima hasemi nawe.

"Mimi ni Somoe, dada yake," nilisema. "Mshamu amefariki. Tumemzika mwezi uliopita."

Sikuwahi kuisema sentensi hiyo. Msibani inasemwa na wengine, wewe unapewa maji ya kunywa. Ilitoka nyepesi, kama kitu kilichokuwa kimeshikiliwa na uzi mmoja. Nyuma yangu mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu, na mwingine akatoka kwenye foleni, nikasikia hatua zake zikielekea kwenye rafu. Sikugeuka kuona alikwenda kuchomoa au kuchomeka.

Kioo kilizima. Bi Zawena alinyanyuka, akarudi na bahasha. Ilikuwa nene kama tofali, imefungwa kwa utepe. Aliliinua beseni akaliweka juu ya meza, katikati yetu, ambapo ningeweza kuona. Akaniambia kanuni inasema karatasi zilowekwe moja moja ili zisigandane. Haisemi kwa kasi gani.

Zamani kulikuwa na penseli za zambarau pale maktaba, zimefungwa kwa kamba mezani zisiibwe. Maandishi yake yakiwa makavu hufifia, yakakaribia kutosomeka. Yakiguswa na maji huwaka kwanza, yakang'aa kama yameandikwa sasa hivi, ndipo yaanze kuvuja. Bi Zawena alilaza karatasi ya kwanza juu ya maji, maandishi yakielekea juu, kwa vidole viwili. Nikainama.

*Ukurasa wa 52 una kosa. Nyuki hawalali.* Na chini, kwa mwandiko wa Bi Zawena: *Umewauliza?*

Ikazama. Akalaza nyingine.

Nilisoma jinsi mtu anavyokunywa maji akiwa na kiu ya safari, nyingine zikimwagika. Moja alilalamika kwamba taa ya meza ya tatu inawaka na kuzima, hapa ni maktaba au dansini. Nyingine aliuliza kwa nini vitabu vyote vya bahari vimeandikwa na watu wanaotapika baharini. Kulikuwa na iliyosema amechelewesha kitabu kwa sababu mama anaumwa, haombi huruma, anatoa taarifa. Mwaka huo nilikuwa nimemlaumu kwamba hakumjali mama. Nilitaka kuishika, lakini ilikuwa imeshakuwa wingu.

Na moja nilimwomba Bi Zawena asiiachie upesi. Iliandikwa: *Leo sisomi. Nimekuja kukaa tu. Msiniulize.* Jibu lilikuwa neno moja. *Kaa.*

Foleni yote nyuma yangu ilingoja, na nadhani wengine walikuwa wamesogea kuchungulia juu ya bega langu. Maji yalikuwa yamegeuka rangi. Jumla zilikuwa mia mbili na ushee. Nilipofika nyumbani zilikuwa zimebaki kichwani arobaini na kitu, na leo ninapoandika nimeshika kumi na tisa, na kati ya hizo mbili sina hakika kama ni zake au nimezitunga mimi. Hizi za hapa ndizo ninazoapa kuwa ni zake.

Ya mwisho ilikuwa mpya kuliko zote, ya siku zile maktaba inahamia kwenye simu. Karatasi yake ilikuwa bado nyeupe. Bi Zawena aliishika muda mrefu kuliko nyingine kabla ya kuilaza.

*Nikinyamaza, msiiandikie simu yangu. Mtamsumbua dada.*

Chini yake, mahali pa jibu, hapakuwa na kitu.

Niliinua uso. Bi Zawena alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la sweta, na alikuwa anaifuta kwa muda mrefu.

"Wewe ulikuwa unajibu, mwanangu," alisema. "Na mimi sikuwa na mwingine wa kuandikiana naye."

Zambarau ikafumuka kutoka kwenye herufi, taratibu, ikianzia pembeni. Nilisimama pale nikaliangalia neno *dada* mpaka likawa rangi tu, kisha nikashika upande mmoja wa beseni, yeye akashika wa pili, tukalibeba pamoja kwenda nyuma, tukitembea polepole ili maji yasimwagike.